Kope za Wamalei na Wachina: tofauti ziko wapi, na zina maana gani?

Mgeni anayefika Kuala Lumpur au Singapore kwa mara ya kwanza, na miongoni mwa wageni hao wamo vijana wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam wanaokwenda kusoma huko, huwakuta wenyeji wana uhakika mkubwa juu ya jambo moja. Akiwauliza vipi wanamtofautisha Mmalei na Mchina waliovaa mavazi ya namna moja, wengi watamwelekeza kwenye macho. Mchina, ataambiwa, ana jicho jembamba na ukope laini usio na mkunjo. Mmalei ana jicho la mviringo, na juu yake upo mkunjo unaoonekana wazi.

Lugha ya Kimalei ina neno mahsusi kwa jicho la aina ya kwanza: sepet. Ni neno la mitaani ambalo, kutegemea nani analitamka na kwa sauti gani, laweza kuwa utani au tusi. Mwongozaji wa filamu wa Malaysia, Yasmin Ahmad, aliyefariki dunia mwaka 2009, alilifanya jina la filamu yake iliyoonyeshwa nchini humo mwaka 2005, inayosimulia mapenzi ya msichana wa Kimalei na kijana wa Kichina katika mji wa Ipoh. Filamu hiyo ilizusha mjadala nyumbani, na mwaka huo huo ikatunukiwa tuzo ya filamu bora ya Asia katika tamasha la Tokyo. Katika nchi ambayo haijasahau ghasia za kikabila za tarehe 13 Mei 1969, neno moja linaloelezea ukope lilitosha kubeba hadithi nzima.

Je, madaktari wanaopima na kupasua macho wanasema nini? Wanasema kwamba tofauti zipo, kwamba nyingi kati yake zaweza kuelezwa kwa milimita, na kwamba kwa mgonjwa aliyelala juu ya meza ya upasuaji si jambo dogo. Lakini wanasema pia kwamba hizo ni tofauti za wastani, na kwamba mstari unaodhaniwa kuwatenga watu wa jamii hizi mbili haupo pale wenyeji wanapouchora.

Nani Mmalei, nani Mchina?

Yeyote anayetaka kulinganisha kope za jamii mbili hana budi kwanza kujua amemweka nani katika kundi lipi, na hapa ndipo ugumu unapoanza. Katiba ya Malaysia, katika kifungu cha 160, inamweleza Mmalei kuwa ni mtu anayefuata dini ya Kiislamu, anayezungumza Kimalei kwa desturi na anayeshika mila za Kimalei. Hakuna neno hata moja juu ya pua, nywele wala macho. Ndani ya kundi hilo, kwa hiyo, wamo watu ambao mababu zao walitoka Sumatra, Java, Sulawesi, kusini mwa India na Hadhramaut, pamoja na vizazi vya Wachina waliosilimu na kuoa huko. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyezoea mabishano yasiyokwisha juu ya nani aitwe Mswahili, hatashangazwa na hali hiyo.

Wachina wa Malaysia na Singapore nao si kundi la asili moja. Wengi wao ni wajukuu na vitukuu vya wahamiaji wa karne ya 19 na ya 20 kutoka majimbo ya kusini mwa Uchina, hasa Fujian na Guangdong, pamoja na kisiwa cha Hainan. Mchina wa Penang ambaye babu yake alitoka Fujian hana sababu ya kufanana kope na mkazi wa Harbin, kaskazini kabisa mwa Uchina, kama vile Mnyamwezi asivyo na sababu ya kufanana na Mhabeshi kwa kuwa wote ni Waafrika. Halafu kuna Waperanakan wa Malaka, Penang na Singapore, jamii ya Kichina ambayo kwa vizazi vingi imezungumza Kimalei, imepika vyakula vya Kimalei na, katika siku zake za mwanzo, ilioana na wenyeji.

Fikra kwamba Wamalei ni aina ya binadamu iliyo mbali na Wachina ina historia yake, na historia hiyo ni ya Ulaya. Mtaalamu wa Ujerumani, Johann Friedrich Blumenbach, aliyekusanya mafuvu ya vichwa kutoka kila pembe ya dunia, aliwagawa wanadamu katika makundi matano. Katika toleo la mwaka 1795 la kitabu chake aliwaweka Wachina katika kundi alilolipa jina la Wamongolia, na Wamalei akawatengea kundi lao peke yao, ambalo kwa maoni yake lilikuwa daraja baina ya Wazungu na Waafrika. Blumenbach mwenyewe alikiri kwamba makundi hayo huingiliana polepole, kiasi kwamba mipaka yake haiwezi kuchorwa. Waliomfuata waliyashika makundi, wakauacha ungamo.

Ukope unavyojengwa

Kiswahili hutumia neno kope kwa ngozi inayofunika jicho na pia kwa nywele zinazoota ukingoni mwake. Katika makala haya ukope ni kile kifuniko chenyewe, na nywele zitaitwa nywele za ukope.

Ngozi ya ukope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini. Unene wake haufiki milimita moja. Chini yake umo msuli wa mviringo ambao kazi yake ni kufumba jicho. Nyuma ya msuli huo kuna utando unaoshuka kutoka ukingo wa juu wa tundu la jicho, na nyuma ya utando kuna shahamu laini. Nyuma ya shahamu hupita msuli mwingine, ule unaoinua ukope. Unapokaribia ukingo, msuli huu hugeuka kuwa kano pana na bapa, mfano wa kitambaa. Ndani zaidi, karibu kabisa na mboni, lipo bamba gumu ambalo ndilo linaloupa ukope umbo lake na kuuzuia usijikunje ovyo.

Siri ya mkunjo imo katika ile kano. Kwa mtu mwenye mkunjo, nyuzi nyembamba za kano hupenya katikati ya msuli wa kufumba na kuishika ngozi kutoka ndani. Jicho linapofumbuliwa kano huvuta, ngozi iliyoshikwa huvutwa nayo kuelekea ndani na juu, na ngozi iliyo juu ya hapo huanguka kidogo na kujikunja. Ukiyafumba macho mkunjo hutoweka au hubaki kama alama hafifu, kwa sababu mvuto haupo tena.

Kwa mtu asiye na mkunjo mpangilio ni tofauti kidogo, na tofauti hiyo ndogo hubadili sura yote. Utando na kano huungana chini zaidi, mara nyingi chini ya ukingo wa juu wa bamba. Kwa vile utando ndio unaoizuia shahamu, shahamu hupata nafasi ya kuteremka hadi karibu na nywele za ukope, ikakaa baina ya kano na ngozi. Nyuzi za kano ama haziifikii ngozi ama huifikia kwa udhaifu. Matokeo yake ni ukope uliojaa kidogo na ulio laini kutoka nyusi hadi ukingoni. Maelezo haya yalipata nguvu mwaka 1984, madaktari Doxanas na Anderson wa Marekani walipochapisha uchunguzi wao wa kope za watu wa Asia, na mwaka 1999 watafiti waliolinganisha kope za Waasia na za Wazungu kwa kuzipasua waliyaunga mkono.

Bamba nalo hutofautiana. Kwa watu wa Asia Mashariki urefu wake kutoka chini kwenda juu huwa kiasi cha milimita 8 hadi 9, ilhali kwa Wazungu hufika milimita 10 au kuzidi. Tofauti ya milimita moja au mbili yaweza kuonekana ndogo mno, lakini daktari anayeshona ukope uliochanika kwa ajali ya gari huihesabu.

Sasa turudi kwenye madai ya wenyeji. Makadirio yanayotajwa sana katika vitabu vya tiba ni kwamba karibu nusu ya watu wa Asia Mashariki wana mkunjo katika kope zao. Kwa maneno mengine, anayesema kwamba Wachina hawana mkunjo amekosea kwa nusu ya Wachina. Kinachotofautiana zaidi ni mahali mkunjo ulipo na namna unavyokwenda. Kwa Mchina mwenye mkunjo, mara nyingi huwa chini, milimita 6 hadi 8 juu ya nywele za ukope, ilhali kwa Wazungu huwa milimita 8 hadi 10. Kwa wengine huanzia ndani kabisa ya pembe ya jicho na kupanuka kadiri unavyoelekea nje. Kwa wengine hufuata ukingo wa ukope moja kwa moja bila kuukaribia. Wapo wenye mkunjo katika jicho moja tu. Wapo ambao mkunjo wao hujitokeza baada ya kukonda au uzee unapoingia.

Kwa Wamalei mkunjo ni jambo la kawaida zaidi. Shahamu huwa haijashuka sana, jicho likifumbuliwa huonekana pana zaidi, na sehemu iliyo chini ya nyusi haijajaa kama ya Wachina wengi. Madaktari wa Malaysia na Singapore, ambao kwa siku moja waweza kuwatibu Wachina, Wamalei na Wahindi katika chumba kimoja, huwaelezea Wamalei kuwa wako mahali fulani katikati ya wale wengine wawili. Lakini Mmalei asiye na mkunjo si ajabu kumwona, na Mchina mwenye mkunjo mkubwa si ajabu kumwona pia. Aliyepewa picha ya ukope mmoja na kutakiwa ataje kabila la mwenye ukope huo, angekuwa anabahatisha.

Pembe ya ndani ya jicho

Alama ya pili ambayo watu huitazama, pengine bila kujua, ipo katika pembe ya jicho iliyo karibu na pua. Hapo kuna kinundu kidogo chekundu kinachoonekana kwa watu wengi. Kwa baadhi ya watu, zizi la ngozi hushuka kutoka ukope wa juu na kukifunika kinundu hicho, chote au nusu yake. Wataalamu huliita zizi hilo epikantho. Kwa kuwa linafunika pembe, jicho huonekana fupi kuliko lilivyo, na macho mawili huonekana yameachana zaidi.

Zizi hili huonekana zaidi kwa Wachina kuliko kwa Wamalei, na kwa Wamalei wenye nalo mara nyingi huwa dogo. Lakini si mali ya Asia. Wasan wa kusini mwa Afrika wanajulikana kwa kuwa nalo. Watoto wachanga wa mataifa yote, wakiwemo wa Afrika na Ulaya, huzaliwa nalo kwa wingi, kisha likapungua kadiri mfupa wa pua unavyoinuka na kuivuta ngozi. Ndiyo maana mama humleta mtoto kliniki akidhani ana kengeza, na daktari akagundua kwamba macho yamenyooka, ila zizi limefunika weupe wa jicho upande mmoja na kuidanganya akili ya mtazamaji.

Zizi hilo hilo ndilo lililochangia mojawapo ya majina mabaya zaidi katika historia ya tiba. Mwaka 1866 daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliwaelezea watoto wenye hali ambayo sasa inaitwa kwa jina lake, yaani ugonjwa wa Down. Kwa kuwa wengi wao walikuwa na zizi katika pembe ya jicho na macho yaliyoinuka kidogo upande wa nje, aliwafananisha na Wamongolia. Na katika mgawanyo wake alidai kuwaona pia wagonjwa wa aina ya Kimalei na ya Kihabeshi, ingawa wote walikuwa wazaliwa wa Ulaya. Jina la Wamongolia likadumu vitabuni kwa karibu karne nzima. Mwaka 1961 kundi la wanasayansi liliandika barua katika jarida la Lancet kutaka liachwe, na mwaka 1965 Shirika la Afya Duniani likaliacha baada ya ombi la Mongolia yenyewe. Chanzo halisi, yaani kromosomu moja ya ziada, kilikuwa kimekwisha kujulikana tangu mwaka 1959, na hakina uhusiano wowote na taifa la mtu.

Kipimo cha nani?

Vitabu vingi vya upasuaji wa uso viliandikwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na vipimo vilivyomo ni vya watu wa huko. Mtaalamu mmoja aliyejaribu kuirekebisha hali hiyo ni Leslie Farkas wa Canada. Mwaka 2005 yeye na wenzake wa nchi nyingi walichapisha vipimo vya nyuso za watu 1,470 wenye umri wa miaka 18 hadi 30. Miongoni mwa makundi ya Asia walikuwamo Wachina wa Singapore. Ilibainika kwamba eneo la macho ndilo lililotofautiana zaidi na vipimo vya Wazungu wa Amerika: kwa makundi ya Asia nafasi baina ya macho mawili ilikuwa kubwa zaidi, na jicho lenyewe fupi zaidi. Wamalei hawakuwa kundi la peke yao katika kazi hiyo, na vipimo vyao vilikuja kuchapishwa na watafiti wa Malaysia katika miaka iliyofuata. Ikumbukwe pia kwamba zaidi ya nusu ya watu wote 1,470 walitoka Ulaya. Waafrika na watu wenye asili ya Afrika walikuwa 210 tu.

Kwa nini jambo hili linamhusu msomaji wa Afrika Mashariki? Kwa sababu kosa linalomsibu Mchina au Mmalei anapopimwa kwa kipimo cha Mzungu humsibu Mwafrika vilevile, ila kwa upande wa pili. Mfano mzuri ni kipimo cha kutokeza kwa jicho, ambacho madaktari hukitumia wanapotafuta dalili za ugonjwa wa tezi ya shingo. Tundu la jicho la watu wengi wenye asili ya Afrika halina kina kirefu, na jicho hukaa mbele zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1984 ulionyesha kwamba mwisho wa hali ya kawaida kwa wanaume Wazungu ni kiasi cha milimita 22, na kwa wanaume weusi karibu milimita 25. Mtu mzima wa Mwanza au Bujumbura anayeishi London, ambaye jicho lake linapimwa kuwa milimita 24, aweza kuambiwa ana ugonjwa hali hana. Na Mchina ambaye jicho lake kwa kawaida limekaa ndani zaidi aweza kuwa na ugonjwa tayari, kipimo kikasema ni mzima.

Nywele zinazoingia ndani

Katika magonjwa ya ukope tofauti hizi hujitokeza wazi zaidi kwenye ukope wa chini. Watoto wengi wa Kichina, na kwa kiasi fulani watoto wa jamii nyingine za Asia, huwa na ngozi na msuli wa ziada katika ukope wa chini. Ngozi hiyo hupanda juu ya ukingo na kuzisukuma nywele zisimame wima, hata zikaligusa jicho. Mara nyingi hali hii huisha yenyewe uso unapokua. Daktari huingilia kati pale tu nywele zinapoanza kukikwaruza kioo cha mbele cha jicho, mtoto akawa anatokwa na machozi na kuukimbia mwanga.

Daktari au muuguzi wa Afrika Mashariki anayemwona mtoto wa namna hiyo, pengine mtoto wa mhandisi Mchina anayejenga barabara, hana budi kuwa mwangalifu. Katika mazingira yake nywele zinazoingia ndani ya jicho zina jina moja: vikope, yaani trakoma. Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, imefanyiwa utafiti wa ugonjwa huo kwa miongo mingi. Lakini vikope husababishwa na bakteria wanaoacha makovu upande wa ndani wa ukope, na makovu hayo yakajivuta na kuugeuza. Ukope wa mtoto wa Kichina haujageuka wala hauna kovu. Bamba lake limesimama sawasawa, ni ngozi tu iliyozidi. Mmoja anahitaji dawa na huenda upasuaji ili asipofuke. Mwingine mara nyingi anahitaji kusubiri.

Uzeeni pia mambo hutofautiana. Kope za chini za wazee wa Kizungu huelekea kulegea na kugeukia nje. Za wazee wa Asia Mashariki hugeukia ndani mara nyingi zaidi.

Kuhusu glakoma, mojawapo ya magonjwa yanayopofusha watu wengi, tofauti kubwa baina ya Wachina na Wamalei haiko kwenye ukope kabisa. Iko ndani, katika pembe nyembamba ambamo maji ya jicho hutoka. Kwa Wachina pembe hiyo huelekea kuwa finyu, na ikijifunga ghafla mtu aweza kupoteza uwezo wa kuona katika muda wa saa au siku chache. Watafiti wa Singapore waliwachunguza kwa njia zinazofanana Wamalei 3,280 kati ya mwaka 2004 na 2006, kisha Wahindi 3,400 na Wachina 3,353 katika miaka iliyofuata, na glakoma ya pembe iliyojifunga imeonekana mara chache zaidi kwa Wamalei kuliko kwa Wachina. Huko Kongwa, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 uliwakuta na glakoma watu kiasi cha 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, na wengi wao walikuwa na ile ya pembe iliyo wazi, ambayo huiba uwezo wa kuona polepole bila maumivu. Hakuna kati ya haya yote yanayoweza kuonekana kwenye kioo cha nyumbani.

Sindano na uzi

Upasuaji wa kutengeneza mkunjo ni miongoni mwa shughuli za urembo zinazofanywa kwa wingi zaidi katika Asia Mashariki. Wengi hudhani kwamba ulianza kwa kuwaiga Wamarekani. Daktari Mjapani aitwaye Mikamo aliueleza katika maandishi mwaka 1896, na hoja yake ilikuwa kwamba Wajapani walio wengi tayari walikuwa na mkunjo. Kwake yeye asiye na mkunjo alikuwa anafananishwa na jirani zake, hakuwa anafananishwa na Mzungu.

Simulizi ya pili ina sura nyingine. Baada ya vita vya Korea, daktari wa jeshi la Marekani, Ralph Millard, aliwapasua kope Wakorea, wa kwanza akiwa mkalimani aliyetaka macho yake yasiwatie shaka Wamarekani. Huyu ni yule yule Millard ambaye njia yake ya kushona mdomo wa sungura hutumiwa hadi leo katika hospitali za dunia nzima, zikiwemo za Afrika Mashariki.

Singapore nayo ina jina lake katika habari hii. Mwaka 1963 daktari Khoo Boo-Chai wa nchi hiyo alichapisha katika jarida la Kimarekani maelezo ya njia ya kutengeneza mkunjo kwa mishono michache, bila kuikata ngozi. Uzi huunganisha ngozi na kano, na kovu la ndani huchukua nafasi ya zile nyuzi ambazo mtu hakuzaliwa nazo. Ni njia nyepesi, ingawa mkunjo waweza kuachia baada ya miaka.

Kwa Wamalei suala hili huwa jingine. Wengi wao mkunjo wanao tayari, na kwa kuwa ni Waislamu huliuliza pia swali la kidini, ambalo wanazuoni hulijibu kwa kutofautisha kuondoa madhara na kubadili umbo kwa ajili ya pambo tu. Ukope ulioshuka hata ukaziba mboni huingia upande wa kwanza bila mabishano. Daktari anapomfanyia Mmalei upasuaji huo, huku ameshika vipimo alivyojifunza kwa wagonjwa Wachina, aweza kumwachia mkunjo wa chini mno ambao familia yake haitautambua. Na Mchina aliyewekewa mkunjo wa milimita 10 wa kitabu cha Kizungu atatembea na uso wa mtu aliyeshtuka. Wagonjwa wa namna hiyo hurudi kutaka warekebishwe, na marekebisho ni magumu kuliko kazi ya kwanza.

Kwa nini ikawa hivyo?

Nadharia iliyovuma sana katikati ya karne ya 20, na ambayo mwanaanthropolojia wa Marekani Carleton Coon alikuwa miongoni mwa watetezi wake, ilisema kwamba ukope uliojaa shahamu ni kinga dhidi ya baridi kali ya kaskazini mwa Asia. Ni maelezo yanayopendeza masikioni, lakini hayana ushahidi wa kutosha. Wasan wa jangwa la Kalahari hawakutoka Siberia. Baadhi ya watetezi wamejaribu kusema kwamba kwao kinga ni ya jua; nadharia inayoeleza baridi na joto kwa pamoja haijaeleza kitu. Yawezekana pia kwamba hakuna sababu yoyote ya kufaa, na kwamba watu walipendana na kuoana kama walivyo.

Chembe za urithi nazo hazijatoa jibu jepesi. Wanafunzi walifundishwa zamani kwamba mkunjo hurithiwa kwa kanuni rahisi, kama njegere za Mendel. Sivyo ilivyo, ukope ni kazi ya chembe nyingi kwa pamoja, na ndiyo maana ndugu wa baba na mama mmoja hutofautiana.

Anayetaka kuona jinsi maumbile haya yanavyochanganyika hahitaji kwenda Malaka. Ng'ambo ya Mlango wa Msumbiji kipo kisiwa cha Madagaska, ambacho mabaharia Waswahili walikiita Bukini. Lugha ya watu wake inafanana zaidi na ile ya Wama'anyan wa kusini mwa Borneo, na ni ya jamaa moja na Kimalei. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba kina mama wenye asili ya Indonesia walioanzisha jamii hiyo walikuwa kama 30 tu, miaka takriban 1,200 iliyopita. Damu yao imechanganyika na ya Wabantu wa Afrika Mashariki, na katika soko lolote la Antananarivo mtu ataona kope za kila namna, zenye mkunjo na zisizo nao, juu ya ngozi za kila rangi.

Vyombo vya kisasa havijazoea wingi huo. Mwaka 2016 kijana wa New Zealand mwenye asili ya Asia alituma picha yake kwa njia ya intaneti ili apewe pasipoti mpya. Programu ya kompyuta ya serikali iliikataa, ikiandika kwamba macho ya mwombaji yamefumbwa. Yalikuwa wazi. Hatimaye alipewa pasipoti yake.